Fundi wa Gerezani arudi shule: kuchonga chuma kwa kompyuta

Mume wangu alichonga vyuma Gerezani, Dar es Salaam, kwa miaka 11. Ukimpelekea shafti ya mashine ya kusaga iliyokatika asubuhi, ataipima, atakereza nyingine, na jioni unga unasagwa. Tulipohamia Uingereza kwa ajili ya kazi yangu ya uuguzi, nilikuwa na uhakika atapata kazi upesi. Akaishia kwenye ghala, kupanga maboksi usiku.

Si kwamba hakujaribu. Karakana moja ilimwita kwenye usaili. Walimpa mchoro, akausoma bila shida. Wakamwonyesha mashine, akataja kila sehemu. Kisha wakamuuliza anatumia programu gani kuandaa kazi. Akajibu kwamba anatumia mikono. Siku ile alirudi nyumbani hakutaka chakula. Alizoea kuitwa "fundi" mtaa mzima, na hapa alikuwa anaitwa kwa namba ya kwenye fulana yake.

Najua nyumba nyingi za kwetu ughaibuni ziko hivi: mmoja ana cheti kinachotambulika, mwenzake ana ufundi ambao haukuandikwa popote. Nilimwambia, "Baba, hata mimi nilikuja na diploma wakanirudisha darasani mpaka digrii." Akanyamaza. Wiki iliyofuata akajiandikisha kozi ya jioni katika chuo cha jirani.

Mashine alizokwenda kujifunza ni zile za CNC, ambazo mota zake hufuata namba badala ya mkono wa fundi. Si jambo jipya: ya kwanza ilionyeshwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma mkanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Mpaka leo lugha yake ni mistari mifupi. G0 maana yake nenda haraka bila kukata, G1 kata kwa mstari ulionyooka, G2 na G3 kata kwa tao, M3 washa spindo. Kazi ya matundu manne unaweza kuiandika kwa mkono. Kipande chenye mabonde na kona za mviringo huwezi. Hapo ndipo programu ya CAM inapoingia. Unaipa umbo, unaiambia chuma ghafi kina ukubwa gani, unachagua kisu, nayo inachora njia ya kisu na kuandika maelfu ya mistari hiyo.

Nyumbani tulikuwa na laptopu moja, na binti yetu anaihitaji kwa kazi za shule. Kwa hiyo zamu yake baba ilianza saa tatu usiku, mezani jikoni. Alianza na Fusion ya Autodesk, ambayo ina leseni ya bure kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, ingawa imepunguzwa: kwa mfano haiandiki ile miendo ya haraka ya G0. Wanafunzi wa vyuo vinavyotambuliwa wanapata leseni ya elimu bila malipo, na wengi hawajui, basi waulizeni vijana wenu. Asiyetaka masharti ya kampuni ipo FreeCAD, ambayo ni bure kwa kila mtu, hata mwenye biashara.

Kilichomtesa kwanza ni hesabu. Programu inauliza spindo izunguke mara ngapi kwa dakika, na yeye maisha yake yote alisikiliza kwa sikio. Hapo nikawa na msaada, maana wauguzi tunaishi na hesabu za matone. Unachukua kasi ya kukata inayofaa madini yale, unazidisha kwa 1000, unagawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu. Alumini kwa mita 150 kwa dakika na kisu cha milimita 6: karibu mizunguko 8000. Kisu kikiwa na meno mawili, na kila jino ling'ate milimita 0.04, meza isogee milimita 640 kwa dakika. Alipoona namba inakubaliana na sauti aliyoizoea, alicheka peke yake. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu tuhame.

Halafu akavunja kisu.

Kwenye kompyuta aliweka sifuri ya urefu juu ya chuma. Kwenye mashine ya chuo, kwa uchovu wa ghala, akapima sifuri chini, pale chuma kilipokalia ndani ya jiliwa. Chuma kilikuwa na kimo cha milimita 25. Programu ikaamuru kisu kishuke haraka mpaka milimita 5 juu ya sifuri, na hizo 5 zilikuwa katikati ya chuma. Mwalimu alibonyeza kitufe chekundu, lakini kisu cha milimita 10 kilikuwa kimeshakatika. Mwigo wa kwenye skrini ulikuwa umepita safi kabisa, maana mwigo unajua kile tu ulichouambia.

Alitaka kuacha. Nikamweleza kwamba wodini sitoi dawa kwa kuwa kompyuta imesema. Nasoma jina kwenye mkono wa mgonjwa, kipimo, njia na saa. Nakosea milligramu na mikrogramu mara moja tu, mtu anakufa. Yeye naye ana G20 ya inchi na G21 ya milimita, tofauti yake ni mara 25.4. Tukaandika karatasi, tukaibandika kwenye friji: sifuri iko wapi, vipimo gani, kisu namba ngapi, kimetokeza urefu gani, jiliwa iko nje ya njia? Mara ya kwanza endesha hewani, juu ya chuma, mkono kwenye kitufe.

Mwezi wa tano karakana nyingine ilimchukua. Si kwa kuandaa programu. Anapakia vyuma na kubonyeza kitufe, mshahara umezidi ule wa ghala kidogo tu. Lakini wiki ya tatu alisikia kisu kinatetemeka kwenye kona, akamwomba msimamizi apunguze kina, na kazi ikatoka laini. Sasa siku za Ijumaa wanampa kipande kimoja akiandalie njia mwenyewe.

Tumenunua laptopu ya pili, iliyotumika. Ile karatasi ya friji ameiandika upya kwa Kiingereza, amekwenda nayo kazini.