Kutoka Pembe za Ndovu hadi Seluloidi

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Pembe za ndovu kutoka Ujiji na nchi za jirani zilikusanywa Unyanyembe, kisha wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakazichukua mabegani hadi Bagamoyo ili zivushwe Unguja. Pembe za Afrika Mashariki ni laini, hazipasuki upesi. Mafundi wa Ulaya na Marekani walizipenda kwa kutengenezea vitana, vibao vya kinanda na mipira ya biliadi.

Pembe zilipokuwa ghali, kampuni ya Phelan and Collender ya New York ilitangaza mwaka 1863 zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala yake. Mpiga chapa mmoja, John Wesley Hyatt, alilishughulikia jambo hilo, na mwaka 1870 akapewa hataza ya seluloidi.

Malighafi yake wapagazi waliikanyaga kila siku: ni selulosi, dutu ijengayo pamba na miti ya miombo. Selulosi ni mnyororo mrefu wa vipande vya glukosi, kila kipande kikiwa na vikundi vitatu vya haidroksili (OH). Vikundi hivyo hushikana na vya mnyororo wa jirani; ndiyo maana pamba ikitiwa joto haiyeyuki, bali huungua. Ikitiwa katika mchanganyiko wa asidi ya naitriki na asidi ya salfuriki, naitrati huchukua nafasi ya baadhi ya vikundi hivyo. Kwa macho pamba ni ileile. Lakini vikibadilishwa karibu vyote, huwa baruti. Vikibadilishwa kama viwili katika kila vitatu, hupatikana kitu ambacho Hyatt alikichanganya na kafuri, ile karafuu maiti ijulikanayo sana pwani. Molekuli za kafuri hujipenyeza kati ya minyororo na kuilegeza, hata ikafinyangika kwa joto na mgandamizo, kisha ikapoa na kuwa ngumu.

Hata hivyo, naitrati hubeba oksijeni yake yenyewe, hivyo seluloidi huwaka upesi na huzimika kwa shida. Katika biliadi haikufaulu sana, wala biashara ya pembe haikukoma. Filamu za sinema ndizo zilizoipatia soko, zikaleta na mioto mingi. Dawa ilikuwa kuvirudia vikundi vilevile na kuweka asetati badala ya naitrati: selulosi asetati huwaka polepole.

Mipira ya mchezo wa mpira wa meza iliendelea kuwa ya seluloidi hadi mashindano makubwa yalipoanza kuiacha mwaka 2014. Ile ya zamani iliyobaki makabatini mwa shule isiwekwe karibu na taa ya Bunsen.