Bustani Iliyoota Shimoni

Msafiri atokaye Mombasa mjini kuelekea kaskazini, akishavuka daraja la Nyali na kuwasili kitongoji cha Bamburi, aghalabu hadhani ya kuwa mahali pale penye kivuli chema paitwapo Haller Park, ambapo watoto huwalisha twiga kwa viganja vyao, palikuwa zamani shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jeupe, kavu, lisilo na rutuba ya kuoteshea hata jani. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba mzaliwa wa Uswisi, alianza kujaribu humo miche ya aina 26, na zilizostahimili zilikuwa aina tatu tu, mojawapo mvinje. Lakini majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalilala chini yasioze. Ndipo akaletwa jongoo, mdudu tumdharauye sote, naye akayatafuna, na kinyesi chake, taratibu, kikawa udongo. Kwangu mimi hikaya hii ni tamu kuliko ile mashuhuri ya urafiki wa kiboko Owen na kobe Mzee wa bustani iyo hiyo, iliyoanzia tsunami ya Desemba 2004. Nawe msomaji, ukijaaliwa kuizuru bustani hiyo, inama kwanza chini ya mivinje, ufukue majani kwa kidole, umtazame fundi mwenyewe.