Opereta wa Mitambo ya Gesi na Mafuta

Opereta wa mitambo ni mtu anayeendesha kiwanda ambacho malighafi yake haishikiki kwa mkono: gesi, mafuta, mvuke au kemikali. Kinachopita ndani ya mabomba hakionekani. Kinachoonekana ni namba tu, na zilizo kuu ni nne: presha, joto, kima cha kimiminika ndani ya tangi, na kasi ya mtiririko. Kazi yake ni kuzifanya namba hizo zikae mahali pake usiku na mchana, na kujua la kufanya zinapohama.

Unguja haina kiwanda cha kusafisha mafuta wala mtambo wa kuchakata gesi, lakini maisha ya kisiwa yameshikamana na kazi hii. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ukafuata mwaka 2013. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Taifa ilizalishwa kwa gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay. Walioishi Mji Mkongwe kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya giza na ngurumo za jenereta mbele ya maduka, hawahitaji kuelezwa maana ya mnyororo huo kukatika, ingawa safari ile kilichokatika kilikuwa waya, si gesi.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho karibu na Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia. Ikakaa ardhini miaka 30, ikaanza kutumika mwaka 2004, baada ya kujengwa mtambo kisiwani na bomba linalopita kilomita 25 baharini, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu hadi Dar es Salaam. Mnazi Bay, upande wa Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Gesi yake ilipata njia kubwa mwaka 2015, mtambo wa Madimba na bomba la inchi 36 vilipokamilika.

Gesi ya Songo Songo ni safi kuliko nyingi duniani, kwani karibu yote ni methani. Hata hivyo haiwezi kutoka kisimani ikaingia bombani moja kwa moja, kwa sababu ina maji. Penye presha kubwa, maji na gesi hushikana yakawa chembe ngumu zinazofanana na barafu, hata kama joto halijashuka hadi nyuzi sifuri. Chembe hizo zikijikusanya kwenye kona ya bomba au kwenye valvu, njia huziba. Kwa hiyo gesi hukaushwa. Huingizwa kwenye mnara kwa chini, nayo glaikoli, kimiminika kizito chenye tabia ya kunyonya maji, humwagwa kutoka juu. Vinapokutana, glaikoli huchukua maji na gesi hutokea juu ikiwa kavu.

Glaikoli iliyolowa haitupwi. Hupelekwa kwenye boila, ikachemshwa hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi, maji yakatoka kwa mvuke, nayo ikarudi mnarani. Hapa ndipo opereta anapojulikana ubora wake. Joto likiwa dogo, glaikoli inarudi na unyevu wake na gesi haikauki. Likizidi kidogo tu, glaikoli yenyewe huanza kuharibika. Skrini itamwambia joto ni kiasi gani, lakini opereta mzoefu hachoki kuchota sampuli kwenye chupa na kuitazama kwenye mwanga: ikianza kuwa nyeusi, kuna mahali imeungua au imeingia uchafu, hata kama namba zote ni nzuri.

Ndiyo maana mitambo mingi huwa na maopereta wa aina mbili. Mmoja hukaa chumba cha udhibiti mbele ya kompyuta, anafungua na kufunga valvu kwa kubonyeza. Mwenzake yuko nje, amevaa kofia ngumu, buti na miwani, redio ya mkononi kiunoni, anazunguka akisoma geji moja moja na kuandika. Wa ndani anaona mtambo mzima lakini kwa namba. Wa nje anaona kipande lakini kwa macho, masikio na kiganja. Pampu iliyokosa kimiminika cha kutosha husikika kama inasaga kokoto kabla kompyuta haijalalamika. Baina ya hao wawili, wa nje ndiye anayesahauliwa haraka hotuba za teknolojia zinapotolewa, na si haki.

Mtambo haulali, kwa hiyo kazi ni ya zamu, mara nyingi za saa 12. Sikukuu haizimi mtambo, na Ramadhani watu hufuturu kwa kupokezana. Saa ya hatari kuliko zote si ile ya usiku wa manane bali ni ile ya makabidhiano, anayeondoka amechoka na anayeingia hajajua kilichotokea. Ulimwengu ulijifunza hilo kwa gharama kubwa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Scotland. Mchana wa siku hiyo mafundi waliondoa valvu ya usalama ya pampu moja kati ya mbili ili ikakaguliwe, wakafunika tundu kwa kifuniko cha muda. Kazi haikuisha. Kibali kilichosema pampu ile isiwashwe hakikufika mikononi mwa zamu ya usiku. Kabla ya saa nne usiku pampu ya pili ikazima yenyewe; maopereta, wakiamini ile ya kwanza ni nzima, wakaiwasha. Gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 walikufa. Tangu uchunguzi wa Lord Cullen, uliochapishwa mwaka 1990, kibali cha kazi, kufuli kwenye swichi ya mashine inayotengenezwa na daftari la zamu vimekuwa sheria za kazi hii karibu kila mahali.

Watu wengi wa mjini hudhani gesi ya mtungi inayouzwa Darajani ndiyo hiyo hiyo ya Songo Songo. Siyo. Ya mtungi ni propani na butani, huletwa kwa meli kutoka nje ya nchi. Hugeuka kimiminika kwa kugandamizwa tu, ndiyo maana mtungi mdogo hubeba mapishi ya wiki kadhaa. Methani ya Songo Songo haikubali hivyo; katika presha ya kawaida lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Tofauti nyingine ina maana hata jikoni. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Vigunduzi vyake mtamboni huwekwa juu. Gesi ya mtungi ni nzito, hulala sakafuni. Kwenye nyumba za mawe zenye vyumba vya ndani visivyo na dirisha, ikivuja hujaa chini kimya kimya. Gesi zote hizo hazina harufu ya asili. Ule uvundo wa mtungi hutiwa makusudi ili pua ishtuke.

Zanzibar nayo ina mtambo wake, ila haukaushi gesi, unatoa mafuta ya karafuu. Uko Wawi, Chake Chake, Pemba, na wenyeji huuita kiwanda cha makonyo, kwa jina la vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Makonyo hushindiliwa ndani ya pipa kubwa la chuma, mvuke wa boila ukapitishwa chini yake, ukapanda na mafuta hadi kwenye kipoozeo, vikageuka maji na mafuta. Opereta hapo ana jambo la kukumbuka: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama, basi hukingwa kwa chini. Ya mchaichai huelea, hukingwa kwa juu. Anayesahau zamu hii ni ya zao gani atamwaga mali akibakisha maji.

Ajira za kazi hii zimekuwa zikihama. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Cha TIPER, Kigamboni, cha mwaka 1966, leo ni maghala ya kuhifadhia tu. Oman, iliyoanza kusafirisha mafuta mwaka 1967, iliwapa nafasi watu wengi wenye asili ya Zanzibar waliorudi huko baada ya 1970 wakiwa na elimu. Sasa macho yako kwenye bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo mafuta yake yana nta na lazima yapashwe moto njia nzima yasigande. Kwa Zanzibar yenyewe, Sheria ya Mafuta na Gesi ilipitishwa mwaka 2016 na mkataba wa kitalu cha Pemba–Zanzibar ukatiwa saini na kampuni ya RAK Gas mwaka 2018, lakini uzalishaji haujaanza. Kilicho karibu zaidi ni mpango wa gati na maghala ya mafuta na gesi huko Mangapwani, na maghala nayo yanahitaji maopereta.

Kijana wa Unguja anayeitaka kazi hii huanza na Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha stashahada ya ufundi, kama zinazotolewa na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, Mbweni; kuuendesha mtambo wenyewe hufundishwa kazini. Kabla ya kulipa ada akapime macho. Mabomba, taa na nyaya za mtambo hutambulishwa kwa rangi, na asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani anaweza kukataliwa hata kama vyeti vyake ni vizuri.