Ukishachukua hela ya msomaji, barua lazima imfikie



Siku hizi kuna vijana kibao wanaoandika vitu vya maana: uchambuzi wa soka, bei za mazao, nafasi za masomo. Wameanza kuwatoza wasomaji hela kidogo kila mwezi na kuwatumia makala kwa barua pepe. Safi sana. Swali ninalopata kila wiki ni moja: "Kaka, nitumie huduma ipi kuzituma?" Na karibu kila anayeuliza ameshaangalia bei tu. Mimi nasema bei iwe ya mwisho. Twende taratibu.

Barua ya bure ikipotelea kwenye folda la spamu, msomaji hakudai kitu. Ya kulipia ikipotea, umechukua hela ya mtu na bidhaa hajaiona. Yeye hajui habari za seva. Atawaambia wenzake wewe ni tapeli, na jina hilo kulifuta ni kazi.

Hapa kuna kazi tatu tofauti: kutunza orodha ya wasomaji, kusafirisha barua, na kukusanya malipo. Kuna kampuni zinazofanya zote tatu na nyingine zinafanya moja tu. Ukiuliza huduma ipi, jiulize kwanza ni kwa kazi ipi.

KUSAFIRISHA

Wengi wanaanza na Gmail ya kawaida na kuwajaza watu kwenye BCC. Kuna mambo mawili. Akaunti ya kawaida ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku. Halafu siku mkono ukiteleza ukaweka anwani zote sehemu ya wazi, kila mtu anaona za wenzake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania ilipitisha ya kwake 2022. Hili si suala la adabu peke yake.

Februari 2024 Google na Yahoo walikaza kamba. Kwa Gmail, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na SPF, DKIM na DMARC, aweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Hata mtumaji mdogo anatakiwa awe na SPF au DKIM.

Msiogope hizo herufi. SPF ni tangazo unaloweka kwenye domeni yako linalotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni kama muhuri kwenye kila barua: mtu akiibadilisha njiani, muhuri unakataa. DMARC ni maelekezo kwa anayepokea: barua ikishindwa mitihani hiyo, aipokee, aitupe kwenye spamu au aikatae.

Kwa hiyo nunua domeni yako mwenyewe. Google wameonya wazi watu wasitumie anwani ya @gmail.com kama mtumaji huku barua inapitia huduma nyingine. Halafu huduma yoyote isiyokuruhusu kuweka DKIM kwa domeni yako, mimi kwa barua za kulipia siichukui.

BEI SASA

Substack, iliyoanza 2017, inafanya kazi zote tatu. Kuanza ni bure, ila inakata asilimia 10 ya mapato yako, na gharama za kadi ziko juu yake.

Ghost, iliyoanza 2013, ni programu huria inayosimamiwa na taasisi isiyo ya faida. Haichukui asilimia yoyote. Unawalipa ada waitunze wao, au unaiweka kwenye seva yako na barua zinapita Mailgun.

Amazon SES inasafirisha tu. Bei yake ni senti 10 za dola ya Marekani kwa barua 1,000.

Tupige hesabu. Una wasomaji 200, kila mmoja shilingi 5,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni moja. Asilimia 10 ni laki moja kila mwezi. Kwa SES, barua nne kwa watu 200 ni barua 800, haifiki hata senti 10. Umeona? Kusafirisha barua chache ni rahisi mno. Unacholipia kwingine ni kurahisishiwa kazi: orodha, kurasa, malipo. Lakini usikimbilie SES kwa sababu ya hesabu hiyo. Inaanza kwa kukufungia, unatuma kwa anwani ulizothibitisha tu mpaka uombe ruhusa, na kila kitu unaunganisha mwenyewe. Kama huna mtu wa ufundi, utakesha.

MALIPO, HAPA NDIPO WENGI WANAKWAMA

Substack inategemea Stripe kupokea hela, na Ghost nayo malipo yake imeyajenga juu ya Stripe. Tanzania haimo kwenye nchi ambazo Stripe inafungulia akaunti. Kwa hiyo kijana wa Mwanza anaweza kuandika Substack ya bure mpaka achoke, ila siku ya kuwasha malipo anagonga ukuta. Anza na swali hili kabla hujahamisha hata msomaji mmoja.

Na hata Stripe ingekuwepo, wasomaji wako wana nini mfukoni? Wengi wana M-Pesa au Airtel Money, si kadi ya benki. Kwa hao, ushauri wangu ni kutenganisha kazi. Pokea kwa Lipa Namba, kisha tumia huduma ya kawaida ya kutuma barua yenye makundi mawili: waliolipa na wasiolipa. Kwenye daftari andika anwani, tarehe ya kulipa na tarehe ya kuisha. Kwa watu 200 hiyo kazi inawezekana kabisa.

KUONDOKA

Twitter ilinunua Revue Januari 2021 na kuifunga Januari 2023. TinyLetter ilifungwa Februari 2024. Kwa hiyo uliza: naweza kupakua orodha yangu yote kama faili la CSV siku yoyote? Akaunti ya malipo iko kwa jina langu? Substack, pamoja na asilimia yake 10, hapa inafaulu: orodha unaipakua na akaunti ya Stripe ni yako.

KABLA YA KUTOZA MTU

Jitumie barua kwenye Gmail, Yahoo na Outlook. Kwenye Gmail ya kompyuta, bofya vidoti vitatu juu ya barua, chagua kuona barua asilia. SPF, DKIM na DMARC zote zisome PASS. Isiposoma hivyo, usipokee hela ya mtu bado.

Na nyie mnaofanyia kazi kafe: faili la wasomaji msiliache kwenye kompyuta ya watu. Msikubali kivinjari kitunze neno la siri, washeni uthibitisho wa hatua mbili, na mtoke kwenye akaunti kabla ya muda kuisha. Anayeingia kwenye akaunti hiyo anaweza kuwaandikia wateja wenu wote kwa jina lenu na kuwaomba hela.

Kama uko Kenya, Uganda au ughaibuni na umepata njia nyingine ya kupokea malipo, tuandikie kwenye maoni hapo chini, utaje na makato yake. Wengine wanasubiri.

Nawasilisha.