Topaze: Kuiongoza Roketi Isiyozimika

Wafaransa walipoanza kuunda makombora yao ya masafa marefu, roketi za majaribio walizipa majina ya vito: Agate, Topaze, Émeraude, Rubis, Saphir. Kila moja ilikuwa pia na namba. Topaze ilikuwa VE 111, na herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya chombo cha majaribio. Tarakimu ya kwanza hutaja idadi ya hatua za roketi. Ya pili hutaja fueli: 1 kwa yabisi, 2 kwa kimiminika. Ya tatu huonyesha kama roketi inaongozwa angani (1) au inaachwa iende ilivyoelekezwa tangu chini (0). Agate, iliyotangulia kuruka mwaka 1961, ilikuwa VE 110. Kuitoa ile sifuri ya mwisho na kuweka 1 ndiyo kazi iliyoifanya Topaze istahili kukumbukwa.

Fueli yabisi ya aina hii ni mchanganyiko wa chumvi ya amoniamu perklorati, inayotoa oksijeni, unga wa alumini, unaoongeza joto, na plastiki inayoshikamanisha vyote. Humiminwa ingali nzito kama uji ndani ya ganda la roketi, kisha huachwa igande. Katikati huachwa tundu, mara nyingi lenye umbo la nyota. Moto huanzia kwenye kuta za tundu hilo na kuila fueli kuelekea nje. Umbo hilo lina sababu yake: msukumo hutegemea ukubwa wa eneo linalowaka. Tundu la duara lingezidi kupanuka, na msukumo ungezidi kupanda. Pembe za nyota huusawazisha. Kwa sababu hiyohiyo ufa ni hatari kubwa, maana huongeza eneo la kuwaka ghafla, shinikizo likapanda, ganda likapasuka. Na moto ukishashika, hakuna valvu ya kuufunga.

Sasa fikiria namna ya kukigeuza chombo kama hicho. Katika roketi ya kimiminika, chumba cha mwako ni kidogo. Unaweza kukiinamisha chote. Katika roketi ya fueli yabisi, mwili wenyewe ndio chumba cha mwako, kwa hiyo kinachoweza kusogezwa ni nozeli tu, mdomo unaotoa gesi. Kiungo chake lazima kicheze huku kikizuia gesi kali yenye chembe za alumini iliyoungua isipenye pembeni. Tena nozeli moja ya katikati haitoshi. Ikiinama, itapeleka roketi juu, chini au pembeni, lakini haiwezi kuizuia isijizungushe kama pia. Topaze ilipewa nozeli nne zinazogeuka. Mbili zinazokabiliana zikielekezwa pande tofauti, mzunguko huo hudhibitiwa. Kwangu mimi huu ndio uhandisi ulio bora kabisa katika familia nzima ya vito.

Kazi hiyo iliongozwa na SEREB, kampuni iliyoundwa mwaka 1959 kwa ajili ya makombora ya nyuklia ya Ufaransa. Topaze iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 1962 kutoka Hammaguir, katika Sahara ya Algeria. Algeria ilikuwa imepata uhuru Julai ya mwaka huohuo, lakini makubaliano ya amani ya Évian yaliiruhusu Ufaransa kuendelea kutumia kituo hicho hadi 1967. Ni haki tukumbuke kwamba maarifa haya yalikomazwa kwenye ardhi ya watu waliokuwa wametoka vitani kujikomboa, na kwamba lengo la kwanza lilikuwa silaha.

Hata hivyo, wahandisi waliona mapema kwamba vito hivyo vikipangwa kimoja juu ya kingine vingeweza kufika kwenye obiti. Émeraude, yenye fueli ya kimiminika, ikawekwa chini. Topaze ikawa hatua ya pili. Juu yake ikakaa hatua ndogo ya fueli yabisi isiyoongozwa, iliyotulizwa kwa kuzungushwa tu. Roketi hiyo, Diamant, ilirusha setilaiti ya Astérix tarehe 26 Novemba 1965, na Ufaransa ikawa nchi ya tatu kufikisha setilaiti angani kwa roketi yake yenyewe, baada ya Umoja wa Kisovieti na Marekani.

Émeraude iliachwa baadaye, nafasi yake ikachukuliwa na hatua kubwa zaidi. Topaze ilibaki mahali pake, katika Diamant B iliyoanza kurushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, mwaka 1970.