Kazi ya ordinateri isipotee

Hapa Kindu umeme hukatika bila kupiga hodi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa sita, na betri ya mashini ilikuwa imekufa zamani. Mara giza, kurasa zote zikapotea. Sababu gani? Maneno tunayoandika hukaa kwanza katika akili ya kitambo ya ordinateri, ile inayosahau yote umeme ukikoma. Yaliyotunzwa katika diski hubaki. Basi, ukimaliza kila fungu, bonyeza Ctrl na S pamoja. Mara ya kwanza mashini itakuomba jina la kazi: uipe. Kisha tia nakala katika kle ya USB. Lakini usiiweke katika mfuko wa ordinateri (wengi hufanya hivyo!), maana mwizi huchukua mfuko mzima.