Kabla ya Intel au AMD, Tazama Soketi

Anayeunda kompyuta ya nyumbani kwa mara ya kwanza huanza na swali moja: ninunue prosesa ya Intel au ya AMD? Ushauri wangu ni kuliweka swali hilo kando kwanza na kuitazama bodi mama, hasa soketi inayopokea prosesa. Prosesa unaweza kuibadilisha jioni moja. Ukilazimika kubadili bodi, mara nyingi na RAM hubadilika, na pesa uliyodhani umeiokoa inarudi dukani.

Bado nasikia wauzaji wakisema kwamba programu fulani haziikubali AMD. Si kweli. Kampuni zote mbili hufuata seti moja ya maagizo iitwayo x86. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981 ikiwa na prosesa ya Intel, haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja. Mwaka uliofuata Intel ikasaini mkataba ulioiruhusu AMD kutengeneza prosesa za aina hiyohiyo. Baadaye mambo yakageuka: maagizo ya biti 64 yanayoendesha Windows ya leo yalibuniwa na AMD, yakaingia sokoni 2003, na Intel ikayafuata.

Tofauti yenye uzito ni muda ambao soketi inaendelea kupokea prosesa mpya. AMD ilileta Ryzen za kwanza Machi 2017 kwenye soketi ya AM4. Ryzen 5000, zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020, zinakaa kwenye soketi hiyohiyo, na mwaka 2022 hata bodi nyingi za mwanzo, kama za B350, zilipata BIOS ya kuzipokea. Aliyeanza na Ryzen 5 1600 ameweza kupanda hadi Ryzen 7 5800X3D bila kugusa bodi wala RAM. Katika miaka hiyohiyo Intel ilitoka LGA1151 ikaenda LGA1200, kisha LGA1700, na Oktoba 2024 ikaleta LGA1851. Hiyo LGA1151 yenyewe ina mtego unaowaumiza wanunuzi wa mitumba hadi leo: bodi za kizazi cha 6 na cha 7 hazipokei prosesa za kizazi cha 8, ingawa kwa macho soketi ni ileile.

Kwa hiyo anayepanga kuongeza nguvu polepole, kadiri pesa inavyopatikana, ningemwelekeza AM5, soketi ya AMD ya tangu 2022, ingawa inataka RAM ya DDR5 pekee. Asiye na mpango wa kuboresha, na hasa aliye na DDR4 mkononi, Core i3-12100 au i5-12400 kwenye bodi ya LGA1700 inayopokea DDR4 itamtosha kabisa kwa kazi za ofisi, masomo na gemu za kawaida. Kwa anayejali gemu kuliko vyote, Ryzen zenye alama ya X3D zina kashe kubwa ya ziada ambayo gemu nyingi huifaidi sana. Mhariri wa video naye aipe Intel nafasi, maana prosesa zake zenye grafiki ya ndani zina kifaa maalumu cha kufungua na kubana video, Quick Sync.

Herufi za mwisho kwenye jina zisomwe kabla ya kulipa. Ya Intel yenye F haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5600 pia haina, ila 5600G inayo. Watu wengi humletea fundi kompyuta mpya isiyoonyesha chochote kwenye skrini, wakidhani bodi imekufa, kumbe inakosa kadi ya grafiki tu.

Kisha umeme. Core i9-14900K ikikazwa imeruhusiwa kuvuta wati 253 peke yake. Ryzen 5 5600 haifiki 100. UPS ndogo ya VA 650, aina inayokaa chini ya meza nyingi za nyumbani, kwa kawaida haibebi hata wati 400. Ongeza kadi ya grafiki yenye njaa ya umeme juu ya i9 hiyo, na siku umeme utakapokatika gemu ikiwa imepamba moto, kompyuta itazimika papo hapo na UPS ikiwapo.

Kwa mitumba ya Intel ya kizazi cha 13 na cha 14, hasa i7 na i9, uwe mwangalifu. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita kiasi, zikadhoofika na kuangusha programu ovyo. Marekebisho yalikuja kwa njia ya BIOS, na dhamana ikaongezwa miaka 2, lakini BIOS mpya haiiponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. AMD nayo ilikuwa na lake 2023: baadhi ya Ryzen 7000 za X3D ziliungua kwenye bodi zilizozipa volteji ya juu mno. Kwa yoyote utakayochukua, weka BIOS ya karibuni kabla ya kuifanyisha kazi nzito.

Ukinunua bodi iliyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, mwombe muuzaji afungue soketi uitazame kwa tochi ya simu. Kwenye LGA1700 na AM5 pini ziko ndani ya soketi. Kwenye AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe. Moja ikipinda, usilipe mpaka uione mashine ikiwaka na RAM yote ikisomeka.